Joho la Ukumbi wa Tatu

Kazi ya Ami Mitwali katika mahakama ya Mit Sahlan ilikuwa kutunza majoho. Wakili hawezi kusimama mbele ya jaji bila joho jeusi, na si kila wakili ana lake. Mmoja kalisahau nyumbani, mwingine lake limetoboka kwapani, mwingine ndio kwanza katoka chuoni, hana hata soksi zinazofanana. Wote hao hupita chumba cha mawakili kilicho chini ya ngazi, huchukua joho msumarini, na wakishamaliza kubishana hulirudisha likinuka jasho na sigara. Yalikuwa kumi na moja. Mitwali alikuwa nayo miaka ishirini na sita. Kusoma hakujua zaidi ya jina lake na namba za kumbi, lakini ungemfumba macho angekwambia joho hili limevaliwa na nani jana.

Jumanne ile aliliacha duka lake, maana ndivyo alivyokiita chumba kile, akapanda juu hadi ukumbi wa tatu. Ilikuwa kesi ya Ramzi.

Ramzi alikuwa mtoto wa jirani yake, wa mlango kwa mlango. Kwenye foleni ya mkate mzee mmoja alimsukuma mama yake, Ramzi akamsukuma mzee, mzee akaanguka kwenye ukingo wa barabara, na kesho yake akafa hospitalini. Tangu siku hiyo Ramzi yumo rumande, mwezi wa kumi na tisa huu. Kesi ilikuwa imeahirishwa mara tano. Mara jaji anaumwa, mara shahidi hakuja, mara faili limesahauliwa ofisi nyingine, kana kwamba ni mwavuli.

Na huyo mama yake, Mama Ramzi, ndiye aliyemuuguza Fikriya, mke wa Mitwali, miaka mitatu kitandani. Alimlisha, akamgeuza, akamsuka nywele hata zilipobaki chache, na alipokufa akamwosha. Fikriya alikufa akisubiri muhuri. Karatasi ya kutibiwa kwa gharama ya serikali ilihitaji kamati ikae, na kamati haikukaa kwa sababu mkurugenzi na mwenyekiti wake walikuwa wamenuniana juu ya nani aanze kutia sahihi. Muhuri ulikuja siku ya arobaini, watu wakila matanga. Toka hapo, ukitaka Mitwali akose usingizi, mtajie neno kuahirisha.

Asubuhi ile Mama Ramzi alimshika mkono wa kanzu nje ya ukumbi.

"Ami Mitwali, leo iishe. Vyovyote itakavyokuwa, iishe."

"Itaisha. Ustadh Labib leo kaamka vizuri, nimemwona."

"Wakisema tena kikao kijacho, nalala hapa hapa sakafuni wanikanyage na viatu vyao."

"Usinuize maneno hayo, mama. Ingia ukae."

Ndani, mawakili walijaa viti vya mbele, weusi tupu. Ramzi alikuwa kwenye kizimba cha chuma, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Kwenye meza ya juu waliketi majaji watatu. Wa katikati, Jaji Izzat al-Damati, ndiye aliyekuwa na sauti. Wale wawili wa pembeni walikuwa na mashavu tu. Chini yao aliketi karani wa kikao, Wagdi, anayeandika kila linalosemwa, au tuseme kila anachoambiwa aandike.

Ustadh Labib Khairat, wakili wa Ramzi (huko kila wakili huitwa Ustadh), alikuwa mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alikuwa na ombi moja tu: daktari wa serikali aitwe, aulizwe kama moyo wa yule mzee haukuwa umechoka kabla hajagusa lami.

"Fupisha, Ustadh," jaji akasema. "Nina mafaili arobaini na tumbo moja."

Watu wakacheka. Jaji akitania usipocheka unaonekana.

"Na huyu kijana ana uhai mmoja, mheshimiwa. Naomba daktari."

"Daktari wa nini? Ripoti yake ninayo. Karani, andika: wakili anaomba mteja wake aachiwe huru."

"Sikuomba hivyo. Nimeomba daktari, na naomba liandikwe nililoomba."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakukumbusha, mheshimiwa."

Jaji alivua miwani. "Ustadh, hapa si sokoni kwa wauza samaki. Ukipiga kelele zaidi bei haishuki."

Safari hii hakucheka mtu. Labib alishika ukingo wa meza.

"Naomba na hayo yaandikwe. Samaki na bei yake."

"Usiandike," jaji akamwambia Wagdi. Kalamu ya Wagdi ikabaki hewani kama mtu aliyeitwa na watu wawili.

"Basi najitoa kwenye kikao hiki."

"Mlango unaujua."

Labib akageuka. Nyuma yake akainuka wakili mmoja, kisha watatu, kisha safu nzima. Hata wale ambao kesi zao zilikuwa bado, hata vijana wasiojua wanatoka kwa nini. Dakika moja haikwisha, ukumbi ukawa hauna joho hata moja. Mitwali alijibana ukutani wapite. Zamani angefurahi. Nani hafurahi kuona wakubwa wakipigana? Lakini alimtazama Ramzi kizimbani, ameshika vyuma viwili, akigeuza kichwa huku na huku kama abiria aliyeona gari lake linaondoka.

"Mapumziko," jaji akasema. "Baada ya adhuhuri kesi hii itasikilizwa. Ulimwengu hauishi kwa muuza samaki mmoja."

Mitwali hajafika vizuri dukani kwake, Ustadh Shafiq Gindi, mkubwa wa mawakili wa mji ule, akaingia na kundi zima.

"Mitwali! Joho lolote lisitoke kwenda ukumbi wa tatu. Hata kwa baba yangu akifufuka."

"Sawa, Ustadh."

"Kesi kubwa ya jinai haiendi bila wakili. Jaji asipompata wa kusimama pale ataahirisha, atake asitake. Ndipo atajua samaki wanauzwa vipi."

Wakacheka, wakaagiza chai, wakakaa kuandika tamko. Walijadili kwa muda mrefu kama waandike "kudhalilishwa" au "kuvunjiwa heshima." Jina la Ramzi halikutajwa. Mitwali aliwasikiliza huku akiyapangusa majoho yasiyo na vumbi, na ndani yake neno moja likimkwaruza: ataahirisha, ataahirisha.

Walipopanda juu kulisoma tamko kwenye ngazi za nje, Wagdi karani akaja, akitembea upande upande.

"Ami Mitwali, nipe wakili."

"Mimi nauza wakili? Mimi nina nguo."

"Nguo hiyo hiyo. Nitafutie kichwa cha kuivaa. Jaji, pasha wetu, amesema akipata wakili leo anamaliza leo leo. Faili lenyewe jepesi. Kijana atahukumiwa muda aliokwisha kukaa, jioni yuko kwao anakula bamia."

"Kasema yeye mwenyewe?"

"Mimi nakaa chini ya meza yake miaka minane, nisijue anachotaka kusema?"

"Na wakigoma tena kesho?"

"Kesho ni kesho. Ila ujue, pasha anaanza likizo. Ikipita leo, kesi hii ni mpaka baada ya Idi Kubwa." Wagdi akainama. "Huyo mama aliye sakafuni huko juu si jirani yako? Mtu anakupa mlango, wewe unauliza bawaba?"

Mitwali alipanda ngazi nusu, akachungulia. Mama Ramzi alikuwa sakafuni kweli, mgongo ukutani, viatu kavivua kaviweka kando kama mtu aliyekwisha hamia. Alishuka bila kumsemesha. Angemsemesha, angemuuliza, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini alidhani anajua mama yule anachotaka. Si alimwambia mwenyewe?

Pembeni mwa chumba aliketi Ustadh Fathi Abu Sinna, kama kila siku, amesinzia juu ya mikataba ya kupanga nyumba anayowaandikia watu. Ustadh Fathi alikuwa wakili kweli, ila wa kesi ndogo ndogo, na miaka kumi hajasimama mbele ya majaji watatu. Hakutoka na wenzake kwa sababu hakujua kuna jambo; alikuwa amelala.

"Ustadh, simama."

"Nimefanya nini?"

"Kuna mtoto wa watu juu, hana wakili. Ingia, sema aachiwe, na ikishindikana ahurumiwe. Basi."

"Kesi gani?"

"Alimsukuma mtu foleni ya mkate. Mtu akafa."

Fathi akakuna kidevu. "Na faili?"

"Faili jepesi."

"Shafiq atanichuna ngozi."

"Shafiq yuko ngazini anasoma karatasi. Utapitia mlango wa nyuma."

Mitwali alitoa joho la tatu kutoka dirishani, lile refu lenye kola nzuri, akamvisha kwa mikono yake. Akamfunga na kifungo cha juu. Kutoka pale hadi ukumbi wa tatu ni ngazi ishirini na mbili. Huo ndio muda wote ambao wakili yule aliisoma kesi ya Ramzi, na msomaji wake alikuwa mtu asiyejua kusoma.

Jaji Izzat alipomwona, uso ulimnyooka.

"Karibu, Ustadh. Umelisoma faili?"

Fathi alimtazama Wagdi. Wagdi alikuwa ameshaandika.

"Nimelisoma, mheshimiwa."

"Mshtakiwa! Wakili wako amekuacha. Mahakama imekupa huyu. Unamkubali?"

Hapo ndipo. Ramzi hakumtazama jaji, wala Fathi, wala mama yake aliyekuwa ameingia miguu mitupu. Alimtafuta Ami Mitwali mlangoni. Huyu ni mtu aliyemfundisha kuendesha baiskeli, ambaye Ramzi alimwita ami kabla hajajua kumwita mtu baba. Macho yalikuwa yanauliza swali moja, na kijana yule angelisema tu "simkubali, namtaka Labib," jaji asingekuwa na njia ila kuahirisha. Sheria ndivyo ilivyo. Mitwali hakuijua. Mawakili mia mbili mjini waliijua, na wote walikuwa ngazini.

Mitwali akaitikia kwa kichwa.

"Namkubali, pasha," Ramzi akasema.

Fathi alisema alichofundishwa. Hakikufika dakika mbili. Daktari hakutajwa. Majaji waliingia chumbani mwao, wakatoka kabla chai ya mtu haijapoa, na Jaji Izzat akasoma akiutazama mlango, kana kwamba anawasomea waliotoka: miaka saba. Ndio mwisho wa adhabu ya kosa lile, hakuna zaidi.

Mama Ramzi hakupiga kelele. Alimgeukia mwanamke aliye karibu akauliza, "Amesema mingapi?" Mwanamke akamwonyesha kwa vidole, mkono mzima na viwili.

Wagdi alikuwa anakusanya karatasi zake. Mitwali akamsogelea.

"Ulisema muda aliokaa."

"Nilisema nadhani," Wagdi akajibu, asimtazame. "Ami, mimi naandika tu."

Alhamisi, wakubwa walipatana. Ilikuwa ofisini kwa mkuu wa mahakama, mapazia yamefungwa kwa jua, na Mitwali ndiye aliyeambiwa abebe sinia la sharbati kwa sababu mhudumu hakuwepo. Ustadh Shafiq alimbusu jaji kichwani, jaji akambusu Shafiq mashavuni.

"Mahakama ni moja, pasha," Shafiq akasema. "Nyinyi mmeikalia, sisi tumeisimamia."

"Na wauza samaki nao ni watu wetu," jaji akasema, na wote wakacheka hadi glasi zikagongana kwenye sinia. Mitwali alisubiri mtu aseme, na yule kijana je? Alizunguka na sinia mara mbili. Wakubwa wakikosana, upatanisho wao una sharbati. Alizikusanya glasi, akaziosha. Labib hakuwepo, alikataa kuja. Na Mitwali hakuthubutu kujidai ana hasira, kwa sababu kila alipofungua mdomo moyoni kuwalaani, kichwa chake mwenyewe kiliinama tena pale mlangoni, kikikubali.

Jioni ile Labib alishuka dukani.

"Nakata rufaa Cairo. Lakini kumbukumbu za kikao zinasema Fathi alilisoma faili na kijana akamkubali kwa hiari yake. Hiyo karatasi ni ukuta. Nahitaji mtu wa kuapa kwamba Fathi hakuligusa faili. Fathi mwenyewe kakimbilia kwa binti yake Suez, simu haishiki. Nani alimpa joho, Ami Mitwali?"

"Sijui, Ustadh. Nilikuwa nasali."

"Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa."

"Basi nilikuwa chooni."

Labib alimtazama kidogo, akaondoka. Mitwali alibaki amekaa katikati ya majoho, masikio yanawaka. Mtu wa miaka sitini na minne, amejificha chooni kwa maneno.

Ijumaa baada ya sala mlango ukagongwa. Mama Ramzi, na bakuli la bamia limefunikwa mkate.

"Nimepika nyingi, mkono umezoea kupika ya watu wawili. Nikasema Ami Mitwali naye yuko peke yake."

"Mama, usingejisumbua."

"Nisingejisumbua? Siku ile wote walitoka. Wasomi wote na suti zao. Aliyebaki amesimama na mwanangu mpaka mwisho ni wewe. Ramzi kaniambia, nilimwona ami nikapata nguvu. Mungu asikuonyeshe ubaya."

Bakuli lilikuwa la moto. Alilishika na hakujua alitue wapi. Mama yule angalimtukana ingekuwa rahisi. Angalimtupia hilo bakuli, Mitwali angejipangusa na kushukuru.

"Mama Ramzi," akasema. "Ni mimi niliyemleta Fathi."

"Ulimleta vipi?"

Akamweleza, wamesimama kizingitini, kila kitu: Wagdi, joho na kifungo chake, ngazi ishirini na mbili. Alipofika penye kuitikia kwa kichwa alirudi kwenye ngazi, akaanza tena.

"Aliniuliza kwa macho. Nikamwitikia."

"Wewe."

"Mimi. Uliniambia iishe leo. Nikamkumbuka Fikriya na ule muhuri..."

"Fikriya mwache alipo." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nilisema iishe. Mama hupumbazika akasema lolote. Wewe ulikuwa na ngazi nzima ya kuja kuniuliza. Nilikuwa sakafuni pale, Ami Mitwali. Sikuwa mbali."

"Nilikuona."

"Uliniona." Alirudia kama mtu anayeonja kitu. "Na kwa Labib umesema?"

"Nimemwambia nilikuwa nasali."

Mama Ramzi alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Sikulaani. Sina nguvu za kulaani, zote zinaenda kwenye safari za gerezani. Lakini Jumamosi ofisi zikifunguliwa ukaseme. Na Ramzi mimi simwambii. Utamwambia wewe."

Akaenda. Bamia aliiacha. Mitwali hakuila, na kuimwaga hakuweza. Alilala nayo chumba kimoja, harufu ya kitunguu saumu imejaa nyumba nzima.

Jumamosi alisimama foleni kwenye dirisha la masijala na Ustadh Labib, aliyekwisha kuambiwa ukweli, kando yake. Nyuma ya dirisha, kwa kuwa siku zisizo za kikao makarani hupeana zamu, alikuwa Wagdi.

"Ami, umepotea njia? Hili si dirisha la nguo."

"Nataka kuandikisha maneno."

"Maneno ya nani?"

"Yangu. Na yako yamo."

Wagdi akamtazama Labib, akacheka kidogo bila meno. "Ami Mitwali, wakubwa wamepatana. Sharbati si uliibeba wewe? Leo wewe unataka kufukua nini? Ustadh Shafiq akisikia ulitoa joho, chumba kile utakiona kwa nje."

"Andika."

"Sauti, mzee, kuna watu."

"Andika: mimi Mitwali Abdelgayed, nilimvisha Ustadh Fathi joho, akiwa ametoka usingizini. Faili hakuliona. Na kijana hakumkubali yeye. Alinikubali mimi."

Aliyasema kwa sauti, na foleni nzima ikasikia: wauza viwanja, wanawake wa talaka, mawakili wawili waliokuwa wakivaa majoho yake tangu wakiwa wembamba. Mmoja alitema "Msaliti" chini chini. Mwingine aligeuza uso, na huyo ndiye aliyemuumiza. Wagdi aliandika polepole sana, kisha akasukuma karatasi na wino. Mitwali aliandika jina lake, herufi moja moja, akabonyeza na kidole gumba juu yake, kwa kutoamini kwamba jina pekee lingetosha.

"Umefanya la kiume," Labib akamwambia nje.

"Usiniambie hivyo, Ustadh. Nakuomba."

Mama Ramzi alikuwa ngazini chini, na kapu la chakula cha gerezani, mkate na jibini la mafuta na nguo safi. Alimngoja afike.

"Nimeandikisha," Mitwali akasema.

"Na Cairo watajibu lini?"

"Ustadh anasema mwaka. Au miwili."

"Miwili," akasema.

Basi la gerezani lilikuwa linapiga honi. Mitwali akanyoosha mkono amsaidie kapu. Mama Ramzi akalihamishia upande wa pili, akatangulia, na yeye akamfuata hatua kadhaa nyuma, kwa sababu lile la kumwambia Ramzi lilikuwa bado.